Bunduki ya upepo imepungua nguvu tangu nihamie Dodoma: nibadilishe springi au tatizo liko kwingine?

#1 Mtanga wa Nkuhungu

Habari za jioni, wakuu. Nina bunduki ya upepo aina ya Diana 35 ya Kijerumani, ya zamani, ya kukunja mtutu, tundu lake milimita 5.5, pistoni yake (ile inayosukumwa na springi ili igandamize hewa) ina sili ya ngozi ya kuzuia hewa isivuje. Niliachiwa na mjomba, na umiliki tuliuhamisha polisi kwa taratibu zote. Naitumia kulenga shabaha tu, mbele ya tuta la udongo nyuma ya nyumba.

Tulipokuwa Tanga rafiki yangu aliipima kwa kifaa chake cha kupimia kasi, ikatoa mita 165 kwa sekunde kwa risasi ya gramu 0.93. Hapa Dodoma sina kifaa hicho, kwa hiyo nimepima kwa simu: nimesimamisha bati mita 10 mbele yangu, nikarekodi mlio wa bunduki na mlio wa risasi kugonga bati, kisha nikaangalia pengo kati ya milio hiyo miwili kwenye programu ya kuhariri sauti. Pengo ni sekunde 0.096, yaani mita 104 kwa sekunde. Hata sabuni ya mche, ambayo Tanga risasi ilikuwa inazama hadi kupotea, siku hizi nayaona makalio ya risasi.

Fundi mmoja ananishauri niondoe springi ya waya wa milimita 3 niweke ya milimita 3.2. Mwingine anasema niongeze wosha nene nyuma ya springi iliyopo, kazi iishe. Nimfuate yupi?

#2 Fundi wa Chang'ombe

Springi imechoka, mkuu, wala usiumize kichwa. Bunduki za umri huo nyingi zimewahi kuachwa zimekokiwa usiku kucha na mtu aliyekuwa akivizia panya, na waya ukikaa umebanwa muda mrefu haurudi urefu wake. Ifungue, uitoe springi, uiviringishe juu ya kioo cha meza: ikirukaruka imepinda, na iliyopinda inasugua ukuta wa pistoni kwa ndani na kula nguvu ambayo ingesukuma risasi.

Kuhusu waya wa 3.2, ujue kwamba ukakamavu wa springi unakua kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Hiyo tofauti unayoiona ndogo, ya milimita 0.2, inaongeza ukakamavu kwa asilimia 29 kama mizunguko na upana havikubadilika. Kwa hiyo aliyekushauri hakukosea.

Tahadhari moja: usiifungue mikononi. Springi iliyo ndani imebanwa tayari hata kama bunduki haijakokiwa, na pini ya mwisho ikitoka, kizibo cha nyuma kinaruka na kuvunja mfupa wa uso. Tumia klampu ndefu ya seremala, uilegeze taratibu.

#3 Mwalimu wa Vipimo

Kabla hatujaihukumu springi, tuangalie kipimo. Mtanga, simu yako ilikuwa pembeni yako, siyo? Kama ndivyo, mlio wa bati ulitumia muda kurudi hadi kwako. Sauti inakwenda karibu mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu, kwa hiyo mita 10 zinachukua takriban sekunde 0.029. Toa hizo kwenye 0.096, zinabaki 0.067 ambazo ndizo muda halisi wa risasi angani. Gawa 10 kwa 0.067 unapata karibu mita 150 kwa sekunde, na si 104.

#4 Mtanga wa Nkuhungu

Ahsante, Mwalimu. Ni kweli simu ilikuwa juu ya kiti ubavuni kwangu. Basi nimepumua kidogo, lakini bado kutoka 165 hadi 150 ni upungufu, na ile sabuni haina simu wala hesabu.

#5 Dogo wa Area D

Wakubwa mnahangaika bure. Dondosha tone moja la dizeli kwenye tundu la hewa nyuma ya mtutu, funga, fyatua. Utasikia mlio kama wa bunduki ya kweli, na moshi juu. Sabuni itapita upande wa pili.

#6 Mzee wa Mpwapwa

Mdogo wangu, ushauri huo ufute kama unaweza. Pistoni inapokwenda mbele kwa ghafla, hewa iliyo mbele yake inapanda joto hadi mamia ya nyuzi, ndiyo maana dizeli inawaka bila kibiriti. Ikilipuka inairudisha pistoni nyuma kwa kishindo wakati springi bado inasukuma mbele, na hapo ndipo waya unapokatika vipande, ngozi inaungua kingo, na bawaba ya mtutu inalegea. Kijana wa jirani yangu alifanya mchezo huo kwa risasi chache tu. Springi tuliitoa ikiwa vipande vitatu, na risasi zake zilikuwa zikitawanyika ukuta mzima kwa sababu hakuna mlipuko unaofanana na mwingine.

#7 Mwalimu wa Vipimo

Nakubaliana na Mzee kuhusu dizeli kwa asilimia zote, lakini kuna jambo ambalo watu hawalipendi: kuungua kidogo kwa mafuta ni sehemu ya kawaida ya bunduki nyingi za springi. Waingereza wawili, baba na mwana wa ukoo wa Cardew, waliwahi kufyatua bunduki ya namna hii ikiwa imejazwa nitrojeni badala ya hewa ya kawaida, ili kusiwe na oksijeni ya kuunguza chochote, na kasi ya risasi ikashuka sana. Maana yake ni kwamba ule ukungu mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye ngozi ulikuwa unachangia nguvu bila mlipuko wala moshi.

Sasa mchukue mtu aliyetoka Tanga, kwenye unyevu wa bahari, akaileta sili ya ngozi katika ukavu wa Dodoma wa kuanzia Mei hadi Novemba. Ngozi ikikauka, hewa inavuja pembeni, na mchango wa mafuta nao unapotea. Hilo peke yake lingeweza kueleza mita 15.

#8 Irangi

Mbona hakuna anayetaja mwinuko? Tanga iko usawa wa bahari, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu yake. Kanieneo ya hewa kule ni karibu milibari 1,013, hapa ni karibu 890, yaani hewa inayoingia kwenye silinda kila unapokoki imepungua kwa takriban asilimia 12. Bunduki hii risasi yake ni hewa. Ukiipa hewa pungufu unategemea nini? Mimi ninayo ya milimita 4.5 ambayo naipeleka Dar es Salaam na kuirudisha Kondoa, na kila nikirudi juu kasi inashuka bila kugusa hata skrubu moja.

#9 Fundi wa Chang'ombe

Kwa hesabu hiyo, Irangi, watu wa Singida warudi kwenye manati kabisa. Nguvu inatoka kwenye springi, na springi haijui iko mita ngapi juu ya bahari.

#10 Mwalimu wa Vipimo

Fundi, nusu ya sentensi yako ni kweli. Nishati iliyohifadhiwa kwenye springi ni ileile Tanga na Dodoma, kwa hiyo kasi haitashuka kwa asilimia 12 nzima kama Irangi anavyoweza kueleweka. Lakini hewa ndiyo inayopokea nishati hiyo na kuipa risasi. Hewa ikiwa pungufu, pistoni inalazimika kusogea mbele zaidi ndipo ifikie mgandamizo wa kuing'oa risasi, na sehemu kubwa zaidi ya nishati inaishia kwenye kishindo cha pistoni kugonga mwisho wa silinda.

Ndiyo maana springi kali inanitia wasiwasi kuliko kunifurahisha. Ule mto wa hewa unaoipokea pistoni mwishoni ni mwembamba zaidi huku kwetu. Ukiongeza asilimia 29 ya ukakamavu juu ya mto mwembamba, ngozi ndiyo itakayolipa.

#11 Dada Ngozi, Hombolo

Samahani kwa kuingia kwenye mambo ya bunduki, mimi ni fundi wa viatu na mikoba. Lakini sili hizo nimezitengeneza za kutosha kwa wazee wa huku, kwa hiyo niseme ninachokiona mezani.

Sili ya ngozi ni kikombe kidogo chenye ukingo unaotazama mbele, unaopanuliwa na hewa hadi ubane ukuta wa silinda, kama ile ya pampu ya baiskeli. Wengi wanaoniletea husema imeisha, nami nikiigusa naikuta haijaisha bali imekuwa ngumu kama kipande cha mbao, ukingo umejikunja ndani na una mng'aro wa kusuguliwa upande mmoja tu. Hiyo huwa siitupi kwanza. Naiweka kwenye mafuta ya uvuguvugu usiku kucha, asubuhi naikamua kwa kitambaa, naufungua ukingo kwa kidole taratibu. Ikiwa imepasuka ndipo nakata mpya: ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome, unene wa milimita 3 hadi 4, nailoweka majini mpaka ilainike, naibana kati ya bolti na kipande cha bomba chenye upana wa silinda, naiacha ikauke humohumo. Ikitoka ina umbo la kikombe. Ukingo naunyoosha kwa wembe mpya, namalizia kwa msasa laini, kisha mafuta.

Ngozi laini ya mkoba haifai, inavimba na kukwama. Na mtu asitumie mafuta ya alizeti kwa sababu tu yamejaa nyumbani. Yanaganda na kunata, pistoni inakuwa nzito.

#12 Mzee wa Mpwapwa

Dada, ubarikiwe. Mimi za ngozi nazitilia matone machache ya mafuta ya mashine kupitia tundu la hewa, nasimamisha bunduki mtutu ukiwa juu, naiacha hadi kesho yake. Risasi za kwanza zitatoa harufu na moshi kidogo, baadaye inatulia. Ila wenye sili za plastiki wasifanye hivyo; zao zinataka kupakwa grisi kidogo sana ya molibdeni wakati wa kufungwa, basi.

#13 Kibaigwa Gulioni

Naomba nirudi kwenye ile wosha ya #1, kwa kuwa watu wengi mjini wanauziwa huo ushauri. Tuchukue springi yenye ukakamavu wa nyutoni 6 kwa milimita, iliyobanwa milimita 30 ikiwa imetulia, na mwendo wa pistoni milimita 75. Ukikoki inahifadhi karibu jouli 30. Ongeza wosha ya milimita 10, sasa inaanza kwenye 40 na kuishia kwenye 115, inahifadhi karibu jouli 35. Umeongeza takriban asilimia 15 ya nishati. Bunduki za namna hii hupeleka kwenye risasi kama theluthi moja ya nishati hiyo, na kasi inakua kwa kipeuo cha pili tu cha nishati, kwa hiyo kwa bahati nzuri kabisa umepata asilimia 7 ya kasi, na mkono mzito wa kukoki.

Kisha kuna jambo ambalo #2 amelipita. Hesabu mizunguko ya springi, uizidishe kwa unene wa waya. Mizunguko 33 ya waya wa milimita 3 ikibanwa kabisa inachukua milimita 99. Ya waya wa 3.2 inachukua karibu milimita 106. Nafasi iliyopo ndani ya pistoni ikiwa ndogo kuliko hiyo, mizunguko itagusana kabla ndoano ya kifyatulio haijanasa. Watu hulazimisha kwa goti, wakapinda mkono wa kukokia, halafu wanasema bunduki za Kijerumani za siku hizi ni mbovu.

Na angalia ubavuni kama kuna herufi F ndani ya pembetano. Hizo zilitengenezwa zisizidi jouli 7.5 kwa sheria ya Ujerumani, nyingine zikitoka na springi dhaifu kwa makusudi.

#14 Mtanga wa Nkuhungu

Haina F. Na kwa kasi ya 165 ilikuwa inatoa zaidi kidogo ya jouli 12, kwa hiyo sidhani kama ni ya kundi hilo.

#15 Fundi wa Chang'ombe

Kibaigwa, sikulipita jambo. Nilidhani fundi yeyote atapima kabla ya kuweka. Springi ya 3.2 inayouzwa kwa ajili ya bunduki husika huwa na mizunguko michache ili iingie. Na hesabu zako za theluthi ni za bunduki iliyofungwa ovyo. Ukiweka kiongozi cha springi, yaani ile fimbo inayokaa ndani yake kuishika isipinde, kinachobana vizuri kwa ndani, ukalainisha ncha zake kwa msasa, ukapaka grisi nzito, ule mtetemo wa "twaang" unaondoka, na nguvu iliyokuwa inapotelea kwenye kutetemeka inakwenda mbele.

#16 Irangi

Grisi nzito nayo inapunguza kasi, Fundi. Inanyamazisha bunduki, hilo nakubali, lakini waya uliofunikwa grisi unavuta uzito. Huwezi kuupata utulivu na kasi vyote kwa kopo lilelile.

#17 Kibaigwa Gulioni

Kuna kipimo cha bure ambacho kingetangulia vyote. Chukua karatasi laini ya chooni, kata kipande chembamba, kilaze juu ya kiungo pale mtutu unapokunjika, kisha fyatua risasi ya kweli. Karatasi ikiruka, hewa inatoka pale badala ya kuisukuma risasi. Wosha ya kiungo hicho ni kitu kidogo ambacho watu hawakitazami kabisa, huku pale ndipo hewa yote inapopita. Usifyatue bila risasi, maana pistoni itagonga chuma mtupu.

#18 Mkulima wa Zabibu

Wakuu, nimefuata uzi wote kwa sababu ndege wananimalizia zabibu karibu na Makutupora, na nilikuwa nafikiria kununua moja. Je, ya nguvu zaidi ndiyo inafaa?

#19 Mzee wa Mpwapwa

Kwa ndege wa shambani tumia wavu, ndugu yangu. Kuna sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 na ya silaha ya mwaka 2015. Kaulize kwanza ofisi zinazohusika. Na risasi inayopotea kati ya mistari ya mizabibu haijui kuchagua kati ya ndege na mvunaji. Tusitoke nje ya springi.

#20 Mkulima wa Zabibu

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila wavu nao bei yake inanifanya niwaonee ndege huruma.

#21 Mtanga wa Nkuhungu

Mrejesho. Karatasi iliruka, tena ikaenda hadi begani. Wosha ya kiungo niliitoa kwa sindano ya kushonea magunia. Ilikuwa imekaa chini ya usawa wa chuma, nikaweka karatasi ngumu nyembamba chini yake ili inyanyuke kidogo. Usiku uleule nikatia mafuta kama alivyosema Mzee #12. Baada ya moshi kuisha nikapima tena asubuhi: pengo limekuwa karibu sekunde 0.093, yaani mita 156 hivi kwa sekunde baada ya kutoa muda wa sauti. Springi sijaigusa.

#22 Mwalimu wa Vipimo

Hongera, ila umetuachia kitendawili, kwa kuwa umefanya mambo mawili usiku mmoja na hatujui lipi limeleta mita hizo. Pia ujue mipaka ya simu: ukikosea elfu moja ya sekunde unapokuza picha ya sauti, kasi inahama zaidi ya mita 2, na bati likisogea sentimita 10 inahama tena asilimia 1. Piga risasi nyingi, chukua wastani, na utumie kopo moja la risasi. Risasi za makopo tofauti hazilingani vichwa, nyingine zinaingia kwa kusukumwa na nyingine zinadondoka zenyewe.

#23 Irangi

Kwa hiyo zimebaki mita 9, na hizo ni za mwinuko. Nilishasema.

#24 Fundi wa Chang'ombe

Zimebaki mita 9, na hizo ni za springi iliyochoka. Mtanga, ukiwa na nafasi itoe, ipime urefu, utuletee hapa.

#25 Dada Ngozi, Hombolo

Nanyi mmesahau kwamba mafuta ya usiku mmoja hayafiki ndani ya ngozi iliyokauka miaka. Irudie baada ya wiki ndipo mgawane hizo mita.

#26 Dogo wa Area D

Na ile sabuni? Mche uliokaa dirishani Dodoma ni jiwe. Labda Tanga mlikuwa mnapiga sabuni mbichi.

#27 Mtanga wa Nkuhungu

Dogo, hapo umenigusa. Mche huu ulikuwa juu ya kabati tangu tuhamie. Nitanunua mpya sokoni Majengo nipige siku hiyohiyo. Irangi, mwezi wa kumi na mbili nashuka Tanga na bunduki, nitampa rafiki yangu aipime kwa kifaa kilekile bila kubadilisha kitu. Fundi, urefu wa springi nitauleta nikipata klampu ya kuazima. Dada Ngozi, wosha ya kiungo niliyoinyanyua ni ya ngozi pia, upana wake kwa nje ni kama milimita 13. Unaweza kunikatia mpya nikikuletea ya zamani?

#28 Dada Ngozi, Hombolo

Lete pamoja na bunduki imefunguliwa mtutu, nipime shimo lenyewe. Ya zamani imeshabanwa, itanidanganya unene.